X Kwenye Mninga wa Shilinde

Mimi Lusiana sioni haya kusema: kosa lilikuwa langu. Mwenzangu wa kazi, Silvanus, anataka tugawane, lakini mkono ulioshika brashi ulikuwa huu.

Nafanya kazi kwenye mfuko wa kuhifadhi ardhi hapa Nachingwea. Wiki ile tulikuwa Nambambo, tunaweka alama za mpaka wa msitu wa kijiji. Mti wa mpakani tunauzungushia mstari mwekundu. Tukikosea, tunapiga X juu yake, maana yake huu hauhusiki. Sasa Silvanus, kwa haraka zake, akauzungushia mstari mninga ulio karibu na nyumba ya mzee Shilinde, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka Usukumani.

Nikamfokea. "We Silvanus, macho umeyaacha mpirani Ruangwa? Si kijiji kimewapa watu hawa hapa?" Nikamnyang'anya brashi, nikapiga X kubwa, nyekundu, roho yangu kwatu. Nikajiona nimewaokolea nyumba.

Siku ya tatu nikapita tena na pikipiki. Yesu na Maria! Nyumba haina paa. Nyasi zote chini, na mzee Shilinde yuko juu ya ukuta anang'oa fito za mwisho. Mkewe, Mama Ngolo, anafunga masufuria kwenye mkokoteni.

Hasira zikanipanda. "Mzee! Nani kakutuma ubomoe?"

Akauonyesha mninga kwa kidevu. "Si nyie? X nyekundu naijua. Kule tulikotoka walitupigia ukutani, wiki haikuisha, tingatinga hilo. Watoto walilia mpaka wakatapika. Nikasema safari hii nabomoa mwenyewe, taratibu."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimempelekea nyoka mwenyewe mlangoni. Nikawaeleza X yetu ina maana gani. Mama Ngolo akaiachia kamba.

"Mwanangu, siku ile nilikupa maziwa hapa hapa. Ukanywa, ukashukuru. Mdomo ulikuwa nao. Mbona hukusema?"

Aibu ile sijawahi kuionja. Nikapiga magoti kwenye zile nyasi. "Nisameheni, wazazi wangu. Tutaezeka leo hii, mimi na Silvanus."

Mzee akashuka polepole. Habari za paa hakuziuliza. "Kwa hiyo hapa ni petu?"

"Ni penu, mzee."

"Sema kwa nguvu. Watoto wako zizini, tangu jana hawali."

Nikapaza sauti mpaka koo likauma. "Ni penu! Hapa ni penu!"

Wakatoka wanne, kila mmoja na furushi kichwani. Hawakunijali mimi na makelele yangu, walimtazama baba yao. Mzee alipoitikia kwa kichwa, ndipo wakatua mizigo.