Mzigo wa Kanyere

Nikuulize wewe uliyekaa hapo karibu na moto: namvuta kwa paji la uso, ananifuata mgongoni, na njia nzima sijamwona sura. Ni nani?

Usikimbilie kujibu. Kanyere aliulizwa jambo kama hilo akajibu upesi, na jibu lake likamlaza gerezani.

Ilikuwa miaka ile ya vita, barabara zetu zikiwa na vizuizi vingi kuliko madaraja. Kanyere alikuwa akirudi Butembo kutoka Kasugho, kwenye shamba la wazazi wake, amebeba gunia la maharage kwa ule mkanda tunaoupitisha kichwani. Askari akalichoma gunia kwa nondo, nondo ikazama mahali palipo laini. Akaingiza mkono.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ni yangu," Kanyere akasema. Alikuwa bado ameinama, uso wake chini.

Wanawake wote wa njia ile walijibu hivyo. Mzigo uliokosa mwenyewe uliliwa papo hapo kwenye kizuizi, kwa hiyo hata aliyebebeshwa kuku wa jirani alisema ni wangu, akapita. Lakini siku ile mkono wa askari haukutoka na maharage. Ulitoka na furushi la majani ya mgomba, na ndani yake bangi.

Mama mkwe wake, Séphora, aliuza samaki wa Kyavinyonge sokoni. Habari ilimfikia meza ikiwa bado imejaa. Akafunika samaki wake, akaenda kutafuta mtu wa kumtetea mke wa mwanawe. Mawakili wakubwa walikuwa Goma, na Goma ilikuwa upande mwingine wa vita. Mchungaji akamwelekeza kwa Zorobabel, mtetezi wa mahakamani ambaye watu walimwita Maître, aliyekuwa na chumba nyuma ya duka la misumari.

"Ingia, mama. Hicho kiti kina mguu mubaya, kaa pole pole," Zorobabel akamwambia. "Sasa, ule mutoto alisema nini kwa barrière, pale kizuizini?"

"Alisema ni yake. Lakini Maître, kule kila mutu anasema vile."

"Ninajua. Hata mimi ninasema vile, na ninabebaka karatasi tu." Akajifuta macho kama mtu ambaye hajalala. "Shida ni kwamba kwa parquet, ofisi ya mashitaka, wameandika: amekubali. Sasa sikiliza. Sheria inauliza bintu mbili. Kitu kilikuwa kwako? Na ulijua ni nini? La kwanza hatuwezi kukataa, kilikuwa kwa mugongo wake. La pili ndiyo mulango yetu."

"Hakujua."

"Ninakuamini, mama. Juge hataniamini mimi. Muzigo haujifungi wenyewe. Nani aliufunga?"

Séphora akatazama misumari iliyopangwa ukutani. Akasema atarudi.

Luc, mwanawe, ndiye aliyekuwa Kasugho na mkewe. Alirudi kwa njia ya msituni, mikono mitupu, maana vijana wa kiume walikaguliwa zaidi kuliko wanawake. Tangu atoke kwa wapiganaji wa porini, Luc hakuwa akilala mpaka akae kwanza migombani peke yake. Moshi ukiingia jikoni, Séphora alisema, "Ni tumbaku." Majirani wakiuliza, tumbaku. Hata katika sala zake alimwombea mwanawe aache tumbaku, kana kwamba Mungu naye hana pua.

Akapeleka chakula gerezani, bugali na sombe ya majani ya muhogo. Kanyere alikuja amekonda, akala kidogo, akafunika sahani.

"Mama, Luc analala?"

Séphora alikuwa amejiandaa kwa swali la lini nitatoka. Hili hakulitegemea.

"Analala kidogo."

"Usimuache peke yake usiku. Wakimushika, atarudilia kule pori. Nilimuahidi mama yangu kwamba hatarudilia."

"Na wewe je?"

"Mimi ninangojea tu," Kanyere akasema. Akacheka kidogo. "Hapa hakuna muzigo, kichwa inapumzika."

Jioni Séphora alimkuta Luc ameketi karibu na moto, magoti kifuani. Alitaka kumuuliza. Badala yake akampakulia chakula, naye akala bila kuinua macho, kisha akasema, "Mama, unanitazama sana." Akatoka kuelekea migombani. Moshi ukaja. Séphora akafungua mdomo kusema neno lake la siku zote, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Neno likakataa kutoka. Alikuwa amelichosha.

Siku ya kesi Zorobabel alisimama nje ya mahakama, koti lake limepigwa pasi upande mmoja.

"Mama, tukiingia mule ndani, niko na maneno mazuri tu, sina jina. Maneno mazuri yatamuletea miaka. Ukinipa jina, ninaweza kuomba kwamba huyo mwingine atazamwe kama mugonjwa. Ninaweza kuomba. Kuahidi, hapana." Akashusha sauti. "Sikulazimishi. Iko mutoto wako, na iko mutoto wa mwenzako."

Wafungwa wakaletwa kwa mstari. Kanyere alikuwa wa mwisho, kichwa wazi, wamemnyang'anya kitambaa. Jua likampiga usoni, na Séphora akauona mfereji ule mwembamba katikati ya paji la uso, mahali mkanda ulipolala tangu utoto. Akapeleka kidole kwenye paji lake mwenyewe. Mfereji ulikuwepo, wa kina zaidi, mahali palepale. Lakini hakuna aliyewahi kumfungia yeye mzigo wa namna ile, wenye kosa la mwingine ndani.

Kanyere akamwona, akatikisa kichwa polepole: hapana, mama.

"Wanaita," Zorobabel akasema. "Nani alifunga muzigo?"

"Luc," akasema Séphora. "Wa kwangu. Na ile si tumbaku."