Vipindi vya Diski ya Tatu

Kazini walimwita Bi Waya. Kwa miaka tisa aliitunza seva ya kituo cha redio, kabati la chuma lenye kimo cha mtu, lililohifadhi kila kipindi kilichowahi kurushwa. Humo mlikuwa na vipindi vya marehemu baba yake pia, mtangazaji ambaye wasikilizaji walimbandika jina la Radi kwa nguvu za sauti yake.

Mkuu wa kituo akaamua mafaili yahamie kwenye mashine pepe, kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya mitambo ya kampuni nyingine. Wabebaji wangekuja Ijumaa kulichukua kabati.

Bi Waya alianza kunakili Jumatatu asubuhi. Kufikia saa sita, kioo cha kompyuta kilimwambia zimebaki siku kumi na moja. Mafaili yalikuwa mamilioni, na kila moja lilinakiliwa kisha likalinganishwa na asili yake.

"Kumi na moja?" mkuu akamaka. "Unanitania! Kaza mwendo, mama."

Akakaza. Akaacha faili moja moja, akawa anachukua diski nzima nzima. Siku zikashuka hadi sita. Kilichobaki ni kuzima ule ulinganishaji, ambao ndio ungefichua nakala mbovu. Diski ya tatu ilikuwa ikikwaruza tangu mwaka jana, na alilijua hilo fika. Lakini mkuu alishapiga simu mara nne. Akauzima.

Alhamisi alasiri kazi ikaisha. Ijumaa kabati likabebwa, diski zikasagwa siku hiyo hiyo, na mkuu akampigia makofi mbele ya wenzake.

Jumapili alikwenda kumwona mama yake. Tangu msiba, miaka minne, mama hakutaka hata redio iwashwe ndani. Siku hiyo, bila kuulizwa, akasema, "Niwekee baba yako nimsikie. Naona sasa nitaweza."

Bi Waya akafungua kompyuta. Ikasikika pumzi ya baba, kisha mkwaruzo mrefu. Akajaribu kipindi kingine. Mkwaruzo. Akajaribu kumi na viwili.

"Mtandao unasumbua?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni mimi." Akamweleza yote, na kwamba vipindi vya baba vilikuwa kwenye ile diski ya tatu.

"Ulijua hiyo diski ni mbovu?"

"Nilijua."

Mama akaifunga kompyuta. "Si ungeacha wakufukuze tu, mwanangu," akasema taratibu, akainuka kwenda jikoni.

Jumatatu Bi Waya alimpelekea mkuu orodha ya vipindi elfu mbili vilivyoharibika. Mkuu aliipitia juu juu. "Vya kale hivyo. Nani anavisikiliza?" Akairudisha mezani.

Mama hakumnunia. Kila Jumapili humpokea, humwandalia chai, humuuliza habari za afya na za majirani. Za kazini haulizi.