Mashine Iliyonunua Hisa Siku ya Nane Nane

Mkwe wangu Ludovick anafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, katika jengo lenye vioo vingi kuliko kuta. Jumamosi moja alikuja kwangu Miyuji na kompyuta begani, mke wake Frida, ambaye ni binti yangu wa tatu, akimfuata na bahasha. Aliniamkia vizuri, akaketi, akaeleza kwamba ametengeneza mashine ya kununua na kuuza hisa. Si mashine ya chuma, ni hii akili mnemba wanayoisema redioni. Ameilisha bei za soko la hisa za miaka sita, nayo imejifunza yenyewe kujua bei itapanda lini. Ameijaribu kwa bei hizo hizo za zamani, na katika kila mara mia ilipatia tisini na mbili.

Nikamtazama Frida. Nilikolelewa, mama mkwe habishani na mkwe uso kwa uso. Neno linapitia kwa binti. Ludovick katokea Moshi na jambo hili linamchosha, lakini ndivyo nilivyo.

"Frida, muulize mume wako anataka nini kwangu."

Alitaka sahihi yangu. Nina hisa elfu mbili za kampuni ya mvinyo niliyoiuzia zabibu miaka kumi na minne, na nimemwekea Hana, mtoto wao, zije zimsomeshe chuo. Fomu ya kumruhusu dalali aziuze zote ilikuwa imeshajazwa, jina langu limeshapigwa chapa. Pesa ingekabidhiwa mashine. Akasema, kwa ule upole wa kumsemesha mgonjwa, kwamba wazee wengi huogopa teknolojia.

Sikuogopa. Nilivaa miwani nikaomba karatasi za hilo jaribio lake.

Niliishia darasa la saba, ila nasoma kila mstari, hata ule wa chini kwenye pakiti ya sumu ya panya. Karatasi zilikuwa tisa. Kila mstari una tarehe, bei, na neno moja: nunua, uza au subiri. Wao walikunywa chai mpaka birika likaisha. Ludovick akaanza kutikisa mguu, akamnong'oneza mkewe, nami nasikia vizuri tu, kwamba kompyuta ilisoma zote hizo kwa sekunde mbili. Nikaendelea na kidole changu. Karatasi ya saba kidole kikasimama.

"Frida, muulize mume wako, tarehe nane Agosti mashine ilinunua hisa za mvinyo kwa nani."

Ludovick akacheka. Akasema hapo ndipo penyewe: mashine ilinunua siku hiyo, kesho yake bei ikaruka. Hakuna dalali aliyeliona hilo.

"Muulize kama soko la hisa hufunguliwa sikukuu ya Nane Nane."

Frida hakuwa na haja ya kuuliza. Kicheko kilishakoma.

Siku hiyo mimi nilikuwa Nzuguni kwenye maonyesho ya wakulima, banda la zabibu, nimevaa kitenge cha kijani. Saa nane mchana meneja wa kampuni alipanda jukwaani akatangaza kiwanda kipya. Soko lilipofunguliwa kesho yake, bei ikapanda. Sasa karatasi ilisema hivi: tarehe saba, shilingi mia tano; tarehe tisa, mia tano sitini; na Nane Nane yenyewe, mlango umefungwa, mia tano thelathini. Katikati kabisa, kama imekatwa kwa rula.

Ludovick akamweleza Frida kwamba siku zisizo na bei aliziziba kwa bei ya katikati, baina ya jana yake na kesho yake. Ni kawaida, akasema. Na kwa hisa za mvinyo siku hizo ni nyingi, maana wiki nzima huweza kupita bila mtu kuuza.

Hapo nikamgeukia mwenyewe, mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu.

"Baba, hiyo katikati uliipataje kabla kesho haijafika?"

Akaelewa kwamba mashine ilikuwa inachungulia bei ya kesho, akafungua kompyuta. Alizitoa siku zote alizoziziba, akaijaribu upya pale pale mezani. Frida ndiye aliyesoma jibu: arobaini na saba katika mia.

"Ningerusha shilingi juu ningepata hamsini," nikamwambia Frida, "na shilingi haitaki umeme."

Fomu nikaikunja bila sahihi nikairudisha kwenye bahasha. Ludovick alikuwa na ombi moja tu, kwamba nisiwaambie wenzake wanane wa ofisini ambao wameshasaini fomu kama hiyo.

Nikamwambia Frida amwambie mume wake kwamba mimi sitawaambia. Atawaambia yeye, Jumatatu, kabla hawajanywa chai.