Mtoto wa Mabior

Mabior alikufa mwaka 1991. Athieng alizaliwa 1993. Madam Wanjugu, afisa aliyefika kambi ya wakimbizi ya Kakuma asubuhi hiyo kutoka Lodwar kuwahoji wanaoomba kwenda Amerika, aliziangalia tarehe hizo mbili, akaweka kalamu chini.

"Huyu mtoto babake ni nani?"

"Mabior," akajibu Achai, mamake Athieng.

Ofisi hazina subira na marehemu anayezaa. Kwa Wadinka, hilo halina maajabu: mume akifa, ndugu yake humzalia watoto kwa mjane wake, na watoto huitwa wa marehemu ili jina lake lisipotee. Lueth alimtendea nduguye wajibu huo, kisha vita vikamla yeye pia. Achai hakuona la kueleza.

Madam akaandika neno moja pembeni ya fomu. Makuei, mkalimani, akalisoma kutoka upande wake wa meza, akashtuka.

"Madam, tafadhali, si *false*. Andika *incorrect*. Aliyemzaa ni Lueth, ndugu wa marehemu."

Madam akatazama saa. Gari lilikuwa linamngoja. "Haya. Basi arekebishe. Aseme baba ni huyo Lueth, tumalize."

Makuei akamgeukia Achai, akamwambia kwa Kidinka, "Mama Athieng, hapa Kizungu kina maneno mawili. Moja ni la mtu aliyekosea, la pili ni la aliyedanganya. Ukikubali kwamba ulikosea, mtaenda. Ukishikilia Mabior, wewe ni mwongo, na faili lenu linafungwa leo."

Achai aliyasikia hayo kama habari za nyumba ya jirani. "Lakini sikukosea."

"Najua, mama. Hata mimi baba yangu alikufa miaka miwili kabla sijazaliwa." Makuei akainamisha macho. "Kwenye fomu yangu, nilikosea."

Achai akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika alipoonyeshwa. Akangoja uchungu uje. Haukuja.

Nyumbani alimkalisha Athieng mlangoni, maana wiki ijayo mtoto naye angeulizwa.

"Wewe ni nani?"

"Athieng Mabior."

"Hapana. Athieng Lueth."

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo. Wakarudia, wakarudia tena, Achai akiuliza kwa sauti ileile. Athieng alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Kabla jua halijatua, alikuwa hakosei tena.