Chale Nani?

"Jina la mgonjwa?" nesi aliuliza.

"Chale," Odartey akajibu.

"Chale nani?"

Accra nzima kila mtu ni chale. Rafiki yako ni chale, na usiyemjua unayemwomba akupishe njiani naye ni chale. Ukikanyagwa, unafoka chale! Ukichoka na dunia, unalivuta neno hilo hilo polepole, chaaale, na aliye karibu anajua asikuulize zaidi. Hata ndala za plastiki tunaziita chale-twende. Lakini nesi alikuwa akiuliza habari za mtu, si za neno, na mtu mwenyewe alikuwa amelala pale kitandani, kifua kimefungwa bendeji, anapumua kwa tabu.

Asubuhi hiyo, kwenye kibanda chao cha kuziba pancha kule Kaneshie, jeki iliteleza na lori likamkalia. Simu yake ilipondwa pamoja naye. Daktari hakuzunguka mbuyu. "Anavuja damu ndani," alisema. "Tutajitahidi, lakini waite watu wake. Waite leo."

"Watu wake ni mimi," Odartey alisema.

"Hana mama?"

"Anaye! Kila Ijumaa anampigia simu. Hujitenga kule nyuma ya matairi."

"Basi mama huyo anaitwa nani? Anakaa wapi?"

Loo, aibu hiyo! Odartey alijua kwamba Chale hapendi kichwa cha samaki, kwamba hukoroma akilala chali, kwamba aliwahi kumlilia msichana mmoja wa mtaa wa Mamprobi mpaka macho yakavimba. Jina la mama yake hakulijua. La Chale mwenyewe pia hakulijua. Akatoka nje mbio, akampigia mzee wao wa kazi.

"Ataa Kpakpo, Chale jina lake halisi ni nani?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe unayekula naye bakuli moja?"

"Ataa, anakufa."

Mzee akashusha sauti. "Alikuja akaniambia, chale, nipe kazi. Nikampa. Kiga chetu alikisema safi, nikajua ni mtoto wa hapa hapa. Nikauliza nini tena?"

Odartey akarudi wodini, akakaa kwenye benchi, roho inamuuma. Akakumbuka siku walipobishana juu ya neno hilo, donge la kenkey ya mahindi liko katikati, pilipili inawatoa kamasi. Ataa Kpakpo alishikilia kwamba lililetwa na askari wazungu wakati wa vita, eti wote wakiitwa Charlie na wao wakimwita kila mweusi Charlie. Odartey akapandisha sauti: uongo mtupu, neno ni letu sisi Waga, wenyeji wa Accra, tangu mababu, wengine wote wameazima tu! "Chale, sema wewe," akamgeukia mwenzake. Chale akacheka. "Mimi naona neno ni la anayelitumia," akasema, akanawa mikono na kurudi kwenye matairi yake.

Alasiri ile ile alipita kijana mmoja kutoka kaskazini, anatafuta kibarua. Odartey akamkatiza kabla hajamaliza salamu, kwa mzaha ule wa Accra kwamba watu wa kaskazini ni wala mbwa: "Ndugu yangu, umepotea. Hapa hatupiki mbwa!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Chale alicheka kuwashinda wote.

Pale wodini, mgonjwa akaanza kuweweseka. Odartey akaruka. "Chale, nipo! Sema!" Yakatoka maneno mengi, ya haraka, na Odartey hakuambulia hata moja. Hayakuwa Kiga. Hayakuwa Kitwi wala Kiewe. Akadhani ni homa inayomkorogea ulimi.

Mama mmoja aliyekuwa akimlisha mumewe uji kitanda cha pili akaweka kijiko chini. "Huyu ni wa kwetu," akasema.

"Kwenu wapi, mama?"

"Kaskazini. Sisi Wadagaaba. Anamwita mama yake. Anasema, mama, nifungulie, ni mimi Dery." Akamtazama Odartey. "Wewe ni nani wake?"

"Rafiki yake," alisema Odartey.

Mama yule akasogea, akamwinamia mgonjwa na kumsemesha taratibu kwa lugha yao. Akauliza, akangoja, akauliza tena. Majibu yalikuja vipande vipande: nyumba ya nani, upande gani wa mji wa Nandom. Akachukua simu yake, akampigia kaka yake huko huko. Wakapiga kelele kama watu wanaogombana, kumbe wanaelekezana. Alipokata, alikuwa akifuta machozi.

"Wanaijua nyumba. Mama yake watampandisha basi leo hii. Mwombe Mungu amkute."

Odartey hakujua amshukuru vipi. Alimshika mikono yote miwili, akatikisa kichwa tu. Furaha ilimjaa na uchungu ulimjaa, vyote kwa pamoja. Kile kicheko cha kibandani kilikuwa bado masikioni mwake, na alitamani apate jinsi ya kukirudisha mdomoni akimeze. Akaona angalau jambo moja analiweza: amwite mwenzake kwa jina alilopewa na mama yake, ajue kwamba sasa anajulikana.

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Dery," akaita. "Dery, ndugu yangu, mama yako anakuja."

Macho yakafunguka. Yalikuwa na hofu ambayo hata lori halikuileta. Mgonjwa alijaribu kujiinua, maumivu yakamlaza tena.

"Nani kakwambia?" akauliza, kwa Kiga kile kile cha Kaneshie. Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Odartey, akaung'ang'ania.

"Chale, nakuomba. Usiwaambie wenzetu kibandani natoka wapi."