Rekodi Isiyo na Kafeel

Fawaz alipoandika programu ya wafanyakazi ya kampuni yetu hapa Al Barsha, sehemu ya kafeel, mdhamini wa viza, aliiweka kwenye darasa mama, yaani kiolezo ambacho rekodi za aina zote hukirithi. Mlinzi, dereva na mpishi wote wakairithi: bila jina la kafeel, rekodi haifunguki. Kwa Fawaz, hakuna mgeni Dubai asiye na kafeel.

Jumatatu akaja Matia, mlinzi kutoka Uganda, ana viza yake mwenyewe ya kujitegemea. Programu ikamkataa.

"Andika jina la bosi tu, khalas, yaishe," Fawaz akaniambia.

Nilikasirika. Miaka miwili naitunza programu yake, naziba matundu yake kwa uongo wa namna hiyo. Nikaiondoa sehemu ile kwenye darasa mama, nikaishusha kwenye madarasa ya wenye kafeel tu. Kisha nikarekebisha kiwanda, yaani kipande kinachounda rekodi, kisome viza kwanza ndipo kichague darasa. Kesho ikija aina nyingine, tutaongeza darasa lake bila kufumua ya zamani.

Matia aliisoma rekodi yake kwenye skrini, akautafuta mstari wa kafeel.

"Haupo, dada?"

"Haupo."

Akaomba nimchapishie nakala mbili.

"Ya pili ya nani?"

"Ya kafeel wangu wa zamani."