Mfuniko wa Ndoo

Bia ya kwanza aliyoitengeneza kinyozi nyumbani ilikuwa na ladha ya boksi lililolowa, na mdogo wa mkewe hakumhurumia. "Shemeji, hii umeichuja kwa katoni?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo kinyozi alijua adui yake ni hewa: bia ikishamaliza kuchachuka, hewa ikiingia tu, kwisha habari.

Safari hii aliuzungushia mfuniko wa ndoo ya bia utepe wa gundi, akapiga marufuku mtu yeyote kuusogelea. Lakini shemeji alikuwa anakuja Jumamosi, na roho ya kinyozi haikutulia. Mlango wa jikoni ukilia, anamwacha mteja kinyozini kanyolewa nusu kichwa, anakimbilia ndani na mashine mkononi.

"Nani kagusa ndoo yangu?" alifoka asubuhi moja, akipapasa utepe. "Mimi sikuubandika hivi!"

"Hakuna aliyegusa, baba," binti yake alijibu.

Hakumwamini. Akaubandua utepe, akafunua, akatumbukiza pua ndani na kuvuta harufu. Afadhali, bado nzuri. Akafunika upesi, akabandika utepe mpya.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama.

"Baba watoto, hiyo ndoo haina mwizi. Kila siku unaifungua wewe, kuangalia kama kuna mtu kaifungua."

Kinyozi aligeuka kuitazama ndoo. Kila siku? Basi hewa itakuwa imeshaingia. Ilibidi ahakikishe. Kucha yake ilikuwa tayari inatafuta ncha ya utepe.